Kijana wangu wa miaka 9 aliyezaliwa 1990

"Mama, mkeka ukichanika, hela inarudi?"

Nilikuwa nimeinama nachambua mchele. Nikadhani anauulizia mkeka wetu wa barazani, ambao kweli umechanika pembeni tangu Pasaka, nikamwambia mkeka ukichanika unashonwa. Akanitazama kwa huruma. "Siyo huo, mama. Wa kubeti. Ukichanwa na timu moja, wanakurudishia hata kidogo?"

Mkeka, kwa msomaji asiyekaa vijiweni, ni orodha ya mechi ambazo mtu anazibashiri kwa mkupuo. Mechi moja ikienda kombo, mkeka mzima umechanika. Mwanangu ana miaka 9, yuko darasa la nne. Kubeti kwa sheria zetu kunaanzia miaka 18. Nikaweka ungo chini, nikanawa mikono, nikamwambia aniletee kishikwambi. (Neno hilo nyumbani kwetu tulilizoea mwaka wa Sensa, 2022, makarani walipopita Segerea nyumba kwa nyumba na vishikwambi vyao mkononi. Kabla ya hapo tuliita "ile simu kubwa".)

Alikuwa anaangalia video za malori ya taka. Ndiyo, malori ya taka. Kila mtoto na maradhi yake. Lakini kabla lori halijatokea, alitokea kijana mwenye miwani ya jua, akarusha noti hewani, akapiga kelele kwamba kwa shilingi mia tano tu unaweza kuamka tajiri. Akaondoka, likaja lori. Lori likaisha, kijana akarudi.

Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu kifaa kile kiingie ndani: nikafungua akaunti, nikasoma kilichoandikwa. Jina, la kwake. Tarehe ya kuzaliwa, 1 Januari 1990.

Nilijua ilikotoka. Ilikuwa Desemba, Kariakoo imefurika, nimesimama kwenye fremu moja ya mtaa wa Aggrey na mifuko miwili mikononi. Kijana wa dukani, mchangamfu kweli, akasema, "Mama'ngu, nakutengenezea na akaunti kabisa, ukifika mtoto anacheza tu." Akaniuliza jina la mtoto. Umri hakuuliza. Ilipofika sehemu ya tarehe, dole gumba lake likaizungusha miaka kwenye kioo kama mtu anayezungusha gurudumu la bahati nasibu, na iliposimama, hapo ndipo mwanangu alipozaliwa. Nilimwona. Nisijifanye sikumwona. Nilikuwa nawaza foleni ya Buguruni.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa mashine, nyumbani kwangu anaishi mwanaume wa miaka thelathini na kitu anayependa malori ya taka na hulala saa tatu usiku. Ungekuwa wewe ndiye mashine, mtu kama huyo ungempa tangazo la nini?

Nimekaa sana kwenye tarehe hii kwa sababu wazazi wengi tunaanzia mbali. Tunauliza ni programu gani ipakuliwe, ni ipi ya bure, wakati mlango wa kwanza ni huu. Karibu kila kizuizi kinachotolewa na kampuni hizi hutazama umri wa kwenye akaunti. Google, kwa mfano, haimwonyeshi matangazo ya kamari mtu ambaye akaunti yake inasema hajafika miaka 18. Ila kwetu ilisoma kilichoandikwa, haikumwona aliyeshika. Mstari wa miaka 13 ambao unaukuta karibu kila mahali nao una kwao: ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iitwayo COPPA, inayobana ukusanyaji wa taarifa za watoto walio chini ya umri huo bila ridhaa ya mzazi. Kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Hiyo miaka mitano ya katikati, mtoto wa Tanzania akiwa mtandaoni, anaangukia sheria za nani? Nimejiuliza sana, kwa sababu na mkubwa wangu ana miaka 13. Tutafika kwake.

Jioni ile nikatengeneza akaunti mpya, ya umri wa kweli. Nilitumia Family Link, programu ya Google iliyoanza mwaka 2017, kwa sababu kishikwambi ni cha Android na programu ni ya bure. Wenye iPhone wana yao humo humo ndani ya mipangilio, tangu 2018. Kazi yenyewe haina ufundi wa kutisha. Unaiweka kwenye simu yako, unatengeneza akaunti ya mtoto ukiwa mzazi, unaiondoa ile ya zamani kwenye kifaa chake, unaingiza mpya, unathibitisha kwa nywila yako. Ugumu ulikuwa kwingine. Mwanangu alikuwa amefika ngazi ya 47 kwenye mchezo wake wa magari, na ngazi hizo zilihifadhiwa kwenye akaunti ya yule mwanaume wa 1990. Akaanza upya na ngazi ya 1. Alilia kilio ambacho nakumbuka alikilia mara ya mwisho alipofariki kuku wake. Kama na wewe unakwenda kufanya hivi, mwambie mtoto mapema. Mimi sikumwambia, na kwa wiki nzima nilikuwa mtu aliyemnyang'anya ngazi 46.

Basi nikaweka saa moja siku za shule, mawili Jumamosi na Jumapili, na kifaa kujifunga saa mbili na nusu usiku. Programu yoyote anayotaka kupakua, ombi linakuja kwangu kwanza. Huko ofisini nikajiona mzazi wa kisasa kweli. Ombi la kwanza lilinikuta nimesimama kwenye daladala la Segerea, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umekumbatia pochi, kwapa la mtu limenikaa usoni. Ukiwa katika hali hiyo hausomi maelezo, unabonyeza tu. Niliidhinisha michezo mitatu kati ya Ilala na Tabata Relini. Mmoja ulikuwa wa kupigana risasi na watu usiowajua, wanaoongea nawe papo kwa papo. Siku hizi nina kanuni moja, maombi yote nayajibu nyumbani nikiwa nimekaa. Asubiri.

Halafu kuna suala la bando, ambalo waliotengeneza vitu hivi sidhani kama walilifikiria. Kifaa kikiwa hakina intaneti, mabadiliko uliyoyafanya kwenye simu yako hayakifikii mpaka kiunganishwe tena. Nimewahi kuongeza muda nikiwa kazini kwa roho safi, kumbe nyumbani ruta imezimika, LUKU imeisha, kishikwambi kiko palepale na mtoto analia. Ipo namba maalumu unayoweza kumtajia kwa simu ikafungua bila intaneti. Inabadilika kila baada ya muda, kwa hiyo hata akiikariri haimsaidii kesho. Ijue hiyo kabla hujaihitaji.

Nikiri kitu. Kabla hatujaweka intaneti ya mwezi nyumbani, bando ndilo lililokuwa linatulelea watoto. Ukinunua la shilingi elfu moja, likiisha limeisha, hakuna kubembelezana wala kulia. Hakuna mzazi mkali kama bando. Tulipolipia ile ya bila kikomo tulimfukuza kazi mlezi huyo, na hatukuajiri mwingine.

Nikaendelea. Nikafuta programu ya kawaida ya video, nikamwekea YouTube Kids. Pale pa kuingilia kwenye mipangilio kuna kizuizi: swali la kuzidisha, ili kujua kama aliyeshika ni mtu mzima. Unaweza kuweka namba yako ya siri badala yake, nami niliona uvivu. Nikaliacha swali. Saba mara nane. Mtoto ambaye muhula mzima nilimsimamisha mbele ya jokofu kumkaririsha tebo ya saba, ile ambayo nilimpigia simu bibi yake kumtangazia kwamba sasa ameiweza. Siku ya pili nikakuta mipangilio imebadilishwa kutoka ya watoto wadogo kwenda ya wakubwa. "Waliniuliza hamsini na sita," akasema, hata hakuona kosa liko wapi. Na kweli lilikuwa halipo kwake.

Wiki mbili zikapita kwa utulivu, nami nikadanganyika nao. Baba yao anafanya kazi Dodoma, huja mwisho wa mwezi. Alipokuja akakaa kwenye kochi, akafungua YouTube kwenye TV atafute magoli ya wiki. Hakuna magoli. Malori ya taka. Malori ya zimamoto. Mtu mzima anakanda ute wa rangi ya pinki kwa dakika arobaini. TV yote ilikuwa imeingia kwa akaunti yake, wazi, bila kikomo cha muda wala cha umri, na mwanangu alipofungiwa kule alihamia huku kama maji. Nilikuwa nimekifunga kifaa. Mtoto alikuwa amebadilisha kioo.

Hapo ndipo nilipochukua kalamu nikahesabu vioo anavyovigusa mtoto wangu. Kishikwambi chake. Simu ya dada yake. Simu yangu, kwa sababu mwalimu anatuma kazi za nyumbani kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, na bila simu yangu hesabu hazifanyiki. Simu ya baba yake akiwepo. TV. Simu ya dada wa kazi. Simu ya bibi yake, Mbagala, likizo zote; na bibi haamini mambo ya nywila, "Nifiche nini mimi?" Saba. Nilichokuwa nimekifunga ni kimoja. Programu hizi zimeandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo mtoto mmoja ana kifaa kimoja na ufunguo anao mzazi mmoja. Nyumba hiyo mimi sijaiona, si Segerea wala Mbagala. Kwetu simu inazunguka kama kata ya maji.

Ya TV ilikuwa rahisi: nikaitoa akaunti ya baba yao, nikaweka namba ya siri. Kwa ghadhabu niliyokuwa nayo nikaweka na kwenye king'amuzi. Kumbuka hilo la king'amuzi.

Ruta nayo nikaigusa, maana ile inahudumia vioo vyote vilivyo ndani kwa pamoja. Ukiandika anwani yake kwenye kivinjari (yangu ni 192.168.8.1, iko kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake) unaingia ndani, na humo kuna sehemu ya DNS. Nielezee hii DNS kwa Kidar. Ukifika mtaa usioujua hutafuti namba ya nyumba, unamwuliza mama muuza maandazi wa kona: kwa fundi cherehani ni wapi? Naye anakuelekeza. Kila tovuti unayoiita, simu yako inamwuliza mama wa kona kwanza. Unachofanya ni kubadilisha mama. Wapo wanaojua mtaa mzima lakini ukiulizia danguro wanajifanya hawajasikia. Wa kampuni ya Cloudflare anaitwa 1.1.1.3, alianza 2020, hatozi, na anakataa tovuti za ngono pamoja na zile za virusi. Unaandika namba hiyo, unahifadhi, umemaliza. Usisahau kubadilisha na nywila ya kuingilia kwenye ruta yenyewe, kwa sababu ile ya kiwandani imebandikwa chini yake kwa watoto nao kuisoma.

Ila mama wa kona anajua nyumba, hajui kinachofanyika chumbani. Akikuruhusu kwenda YouTube hawezi kuchagua video. Na mtoto akitumia bando la simu, huyo mama hapitiwi kabisa.

Mkubwa wangu ndiye aliyenifundisha kwamba ruta nayo ina mlango wa nyuma. Nilimfungia simu yake kwa namba ya kifaa (MAC), ile ambayo ruta huitambulia kila simu, usiku asipate waifai. Siku mbili baadaye alikuwa hewani. Kumbe tangu Android 10 ya mwaka 2019 simu inaweza kujitambulisha kwa ruta kwa namba ya kubuni badala ya ile ya kuzaliwa nayo, na kwenye mipangilio ya waifai unachagua mwenyewe ipi itumike. Amebadilisha, ruta ikaona mgeni, ikamkaribisha. Nilikasirika, lakini moyoni kuna sehemu ndogo iliyosema huyu mtoto atasoma kompyuta.

Sasa dada wa kazi. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na ndipo ninapoona aibu zaidi.

Niligundua kwa bahati tu, nilipowahi kurudi. Mwanangu amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni pa jikoni, simu ya dada mkononi. Nikasubiri alale.

"Dada, kumbe unampa simu yako?"

"Mama, akinisumbua nikiwa nakaanga nampa kidogo. Ndani mbona hamna kitu, kuna kwaya na video za misuko."

Ni kweli. Tulitazama pamoja. Kwaya, misuko, picha za nyumbani kwao Kondoa. Lakini kwenye sehemu ya kutafuta kulikuwa na maneno ambayo si ya mtu mzima: "jisi ya kupata almas bure". Almasi ni zile fedha za ndani ya mchezo. Akaipata tovuti inayogawa almasi bure, ikamwomba namba ya simu, naye akaandika namba iliyokuwepo, yaani ya dada. Tangu siku hiyo dada alikuwa anapokea meseji za ajabu, za kushinda zawadi, za kuombwa tarakimu alizotumiwa. Hakuniambia, alidhani ni za watu wote. Na mshahara wake ninaomlipa unakaa kwenye simu hiyo hiyo. Kuutoa kwake ni tarakimu nne.

Muda wote nilikuwa nafikiri namkinga mtoto na simu za watu wazima. Sikuwa nimefikiria nani anaikinga simu ya dada na mtoto wangu. Hela haikutoka, lakini nilikaa na yule binti mpaka saa nne tukibadilisha namba za siri moja moja, na zile meseji za kitapeli tukazituma 15040. Nikamwonyesha na kitu ambacho hata mimi nilikuwa nimekijua wiki hiyo tu: kwenye mipangilio ya usalama ya Android, tangu toleo la 5 la mwaka 2014, unaweza kuibandika programu moja kwenye kioo, mtoto akabaki kwenye hiyo tu, na kutoka ni mpaka namba ya siri. Anampa video ya kwaya, anabandika, anaendelea na vitunguu vyake.

Alisikiliza vizuri, kisha akaniuliza kwa wasiwasi: "Na mimi mama, itanifunga saa mbili na nusu?"

Simu ni yake, kainunua kwa jasho lake. Nilimwambia hapana. Lakini swali lake lilinikaa, kwa sababu kesho yake kweli nilikuwa nimepanga kumwomba niiwekee mambo yangu.

Mkubwa, kwa ufupi. Kwake nimelegeza, na sijui kama nimepatia. WhatsApp yake tumeweka kwamba anayemwingiza kwenye magrupu awe mtu aliye kwenye orodha yake ya namba, kwa sababu ukiacha ilivyo, yeyote mwenye namba yako anaweza kukuweka kwenye grupu lolote. Tulikubaliana hilo siku aliyokuja chumbani kwangu, kaishika simu kama kitu kinachonuka, ndani yake grupu la watu mia na zaidi asiowajua na picha ambazo sitazisimulia. Hakuna programu iliyonitaarifu. Tukatoka kwenye grupu, tukaliripoti, nikamwandikia 116 kwenye orodha yake ya namba. Ni simu ya watoto, ya bure, na nilimwambia aipige hata kama anayetaka kumlalamikia ni mimi. Akacheka. Natumaini alisikia.

Nikirudi kwa mdogo. Matangazo ya kamari yameisha kwenye kishikwambi. Ngazi ya 47 ameipita zamani. Kwenye simu yenye lugha ya Kiswahili, sehemu ya kupimia matumizi inaitwa Nidhamu Dijitali, na kila nikiliona jina hilo nasikia sauti ya mwalimu wangu wa zamu.

Jumapili iliyopita nilikuwa Sinza kwenye kikao cha harusi. Simu nimeiweka kimya, maana mwenyekiti wetu hapendi mchezo. Siku hiyo Simba na Yanga wanacheza, na baba yao yuko nyumbani. Nilipotoka nikakuta amenipigia mara kumi na moja. King'amuzi kinadai namba ya siri. Nilimpigia, hapokei. Nikapanda daladala nikijua nimekosea mahali.

Nilipofika niliwakuta barazani, wamekaa kwenye mkeka, kila mmoja na barafu ya ukwaju. Baba yao hakutaka kuniangalia. Kipindi cha kwanza kilipofika dakika ya ishirini bila mimi kupokea, alimchukua kijana wakaenda kuangalia mpira kibanda umiza, kule nyuma ya mashine ya kusaga, mia tano mtu mzima, mtoto bure.

"Mama," mwanangu akaniambia, ulimi umekuwa wa kahawia, "yule kaka aliyekaa mbele yetu, mkeka wake ulikuwa na timu kumi na mbili. Umechanwa na moja tu. Dakika ya tisini na tatu."